Kuutembea mwambao wa Bagamoyo wakati wa kipupwe

Wageni wengi wanaoshuka stendi ya Bagamoyo mwezi wa saba huulizia majengo: Boma liko wapi, Ngome iko wapi, kwa mapadri njia ni ipi. Majengo hayaendi popote. Cha kuulizia kwanza ni maji, leo yanapwa saa ngapi, kisha upepo, unaanza kukaza saa ngapi. Ukikosea hayo mawili utafika forodhani mnada wa samaki umekwisha, utashuka ufukweni bahari imejaa hadi juu, na utatafuta boti saa ambayo manahodha wenyewe wameshazifunga. Jioni utarudi Dar ukisimulia kwamba Bagamoyo ni magofu na upepo tu.

Kuanzia Juni hadi Agosti masika yamekwisha na joto limepoa. Alfajiri nyuzi hushuka hadi 19 hivi, mchana huzunguka kwenye 28. Mtu wa Njombe atacheka akiambiwa hiyo ni baridi, lakini asubuhi ya saa 12 utawakuta vijana wa bodaboda wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, na hawaigizi. Baridi ya hapa haitoki kwenye nyuzi, inaletwa na upepo juu ya ngozi yenye unyevu wa chumvi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na lina mwendo wake wa siku. Usiku na alfajiri nchi kavu hupoa kuliko bahari, basi umande, yaani ule upepo mwepesi wa kutoka bara, huvuma kuelekea majini na bahari hutulia. Jua likipanda, upepo hugeuka. Saa 4 hadi saa 5 asubuhi mawimbi huanza kuvaa povu jeupe, na mchana wa saa 8 mchanga unakupiga miguuni. Jioni hupungua, ila haukatiki.

Mvua ya majira haya ni mchoo. Wingu moja linakuja, linamwaga dakika kumi, jua linarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwavuli usijisumbue nao, kusi litaupindua mbele ya kona ya kwanza. Koti jepesi lisilopitisha maji, mfuko mgumu wa simu usioingiza maji, na raba kuukuu zenye kamba vinatosha. Kandambili ziache kwenye begi. Jua huchomoza kama saa 12:35 na kuzama saa 12:15 au 12:20 jioni, kwa hiyo anayepanga mambo ya saa 12 na nusu jioni anapanga giza.

Sasa maji. Siku hizi majedwali ya kujaa na kupwa yako kwenye simu, na jedwali la bandari ya Dar es Salaam linafaa kwa Bagamoyo bila kubadilisha chochote cha maana. Lakini hesabu ya wavuvi ni rahisi na haihitaji mtandao. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Usiku ni hivyo hivyo. Kila siku inayofuata unaongeza dakika 50. Shika saa 4:30 asubuhi kuwa saa ya kupwa ya tarehe 1 ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe 4 zimepita siku tatu, dakika 150, kupwa kumesogea hadi saa 7 mchana. Tarehe 8 zimepita siku saba, karibu saa sita nzima, kwa hiyo maji yatapwa saa 10 na dakika zake jioni, na ile saa 4 ya asubuhi uliyoizoea bahari itakuwa imejaa. Tarehe 15 unaanza upya. Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa, na hilo halimdhuru anayetembea kwa miguu.

Kuna pia ukubwa wa maji. Siku mbili tatu baada ya mwandamo na baada ya mpevuko ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu: tofauti hubaki kama mita 1, bahari haitoki mbali wala hairudi kwa kishindo. Anayetaka kutembea juu ya mchanga na kuona mikoko ilivyosimama kwenye matope aje bamvua. Mwenye watoto wadogo, au anayetaka ufuko usiobadilika siku nzima, aje maji mafu.

Kinachowaponza watu ni mwendo wa maji yanaporudi. Maji hayapandi sawasawa saa zote sita. Tuseme ni bamvua na tofauti ni mita 3. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 25 tu, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, kisha 50, kisha 25. Mtu akiwa mbele huko kwenye mchanga anaangalia saa nzima ya kwanza hakuna kinachobadilika, anapata moyo, anaendelea. Na mchanga wa Bagamoyo umelala karibu tambarare, kwa hiyo sentimita 75 za kwenda juu ni makumi ya mita za kuja pwani. Zaidi ya hapo, tambarare hiyo si tambarare kamili. Ina vijito na mabonde madogo, na maji huanza kuingia humo, nyuma ya mgongo wako, kabla mbele yako hayajafika. Basi usiyapime kwa kutazama mbele. Kila baada ya dakika kumi geuka utazame njia uliyojia. Ukiona mfereji uliovuka mkavu sasa unang'aa, safari imekwisha hapo hapo, hata kama picha nzuri iko hatua hamsini mbele.

Huo ulalo wa mchanga ndio pia ulioiua bandari. Majahazi na mashua yalikaa vizuri hapa: yanakuja na maji, yanalala kwenye mchanga yakipwa, mzigo unashushwa, maji yanarudi yanaelea. Meli kubwa ililazimika kutia nanga mbali. Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao yao makuu waliyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye maji ya kina. Ukisimama mbele ya nyumba ya forodha iliyojengwa na tajiri Sewa Haji Paroo mwaka 1895, maji yamepwa na vyombo vimelala ubavu, huhitaji mwongozaji akueleze kwa nini mji huu ulipitwa.

Ufuko huo wa forodha ndio pa kuanzia siku, kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Vyombo vilivyotoka usiku kwa umande hurudi asubuhi, lakini saa ya kushusha inategemea maji: yakiwa juu ngalawa zinaingia hadi karibu na mnada, yakiwa chini zinaishia mbali na wachukuzi wanatembea na ndoo na matenga majini. Kwa hiyo saa ya mnada haisomeki ukutani. Muulize mtu, na umuulize kwa adabu. Mzee anayetengeneza nyavu chini ya kivuli, mpe salamu yake kamili kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Asante. Vyombo vinaingia saa ngapi leo?"

Atatazama bahari, si simu. "Kaa kidogo, maji yafike pale kwenye ile ngalawa ya bluu."

Jibu hilo ni sahihi kuliko saa yoyote. Mwingine atakutajia adhuhuri au alasiri, na hapo anakusudia kweli wakati wa azana, si "mchana mchana hivi".

Kipupwe si msimu wa neema ya samaki kwa vyombo vidogo. Kusi likikaza, ngalawa nyingi hazitoki, bei inapanda, na pengo hilo hujazwa na samaki wa barafu waliotoka kwingine. Si kosa kuwauza, kosa ni kuwaita wa leo. Wa leo ana jicho lililojaa, jeusi katikati, linalong'aa. Wa barafu jicho limepauka na kubonyea. Fungua shavu, ndani pawe pekundu lisilo na ute mzito. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama irudi. Jodari na kibua waogope zaidi kuliko changu. Samaki hao wakikaa juani nyama yao hujenga sumu inayoleta uso mwekundu, mwasho na kichwa kuuma muda mfupi baada ya kula, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Wakaangaji wako hapo hapo na makarai yao makubwa. Usichague kwa harufu, chagua kwa mafuta. Yakiwa meusi na yanatoa povu, nenda karai la pili.

Kupiga picha mnadani kunawezekana, ila omba kwanza, na kamera isiwatangulie watu. Anayenadi ana kazi, mama aliyeinamia ndoo ya dagaa ana kazi. Ukinunua fungu moja dogo kabla ya kutoa simu, mambo yanakuwa mepesi.

Baada ya hapo ingia Mtaa wa India. Mwambao unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi kuta za upande wa bahari ndizo zinazopata mwanga. Majira haya jua hupita upande wa kaskazini hata saa sita mchana, basi kuta zinazotazama kaskazini zina mwanga siku nzima na za kusini hubaki kivulini, zina ukungu wa kijani na chumvi. Tazama tofauti hiyo kwenye nyumba moja, pande zake mbili, na utaelewa mengi kuhusu jinsi mji unavyoliwa.

Ukuta wa zamani wa hapa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Pima chumba chochote kilichobaki na dari yake: upana wake hauzidi sana mita 3, kwa sababu boriti ndefu kuliko hapo inapinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Ndiyo maana nyumba ni vyumba vyembamba virefu, hata ya tajiri. Chokaa hupumua. Maji ya mvua huingia, kisha kusi na jua huyatoa. Fundi anapokuja na saruji akapiga plasta juu yake, unyevu unanaswa ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda na kuvimba, na baada ya misimu michache ile plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania kipande cha jiwe. Utaona mahali pengi saruji imesimama kama gamba na nyuma yake pamekuwa unga. Gofu likikosa paa, mvua huingilia juu ya ukuta na kushuka katikati yake. Mizizi ya miti hufuata njia hiyo hiyo. Ukuta uliotoa tumbo usiegemee wala usipite chini yake, hasa siku moja au mbili baada ya mchoo, kwani jiwe linalolowana linaongeza uzito na chokaa iliyochoka haiongezi nguvu.

Milango ichukulie muda. Ule wa mtindo wa Kihindi una mbao ndogo ndogo zinazokunjwa au tao juu yake. Ule wa mtindo wa Kiarabu na Kiswahili una kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi zinazopanda kwenye miimo. Ule ubao wa katikati uliosimama wima, unaoziba mwanya wa mabawa mawili, ni mfaa, na mchongaji hodari hujulikana kwa mfaa wake. Baraza lililo chini ya mlango ni la watu. Kabla hujakaa, piga hodi au toa salamu, hata kama nyumba inaonekana haina mtu.

Ngome Kongwe, upande wa kusini, inahesabiwa kuwa nyumba ya mawe kongwe kuliko zote mjini, ya miaka ya 1860. Boma la Wajerumani ni la 1895 hadi 1897. Shule ya Sewa Haji ni ya 1896, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Jina lake wengi wanalijua kwa wodi ya Muhimbili bila kujua kwamba alikuwa mtu wa hapa. Malipo ya kuingia maeneo ya kale fanya kwenye ofisi yenyewe, chukua risiti, na uulize palepale kama inahusu na magofu ya Kaole au utalipa tena. Kijana anayekufuata mtaani akidai ndiye mkusanyaji, mwombe risiti kwanza.

Kwa mapadri ni mwendo mfupi kuelekea kaskazini. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na msalaba wao uko karibu na ufuko. Kutoka hapo unaifuata njia ya miembe, ambayo kwenye kusi ndiyo barabara pekee mjini isiyo na upepo. Mambo mawili husemwa vibaya hapa. Livingstone hakukaa Bagamoyo. Aliletwa akiwa maiti, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba mwili kwa miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ukalazwa kwenye mnara wa kanisa la mwanzo kabla ya kuvushwa Unguja. Sifa ni ya waliobeba. La pili, mji huu hauko kwenye orodha ya urithi wa dunia, uko kwenye orodha ya wanaosubiri tangu 2006, pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu.

Mwambakuni, ule mchanga unaojitokeza baharini maji yakipwa, ni safari ya asubuhi tu majira haya. Tafuta siku ambayo kupwa kunaangukia kabla ya saa 5, uondoke saa 1 au saa 2, na mkubaliane saa ya kurudi kabla ya kutaja bei. Hesabu maboya ya kuvaa kwa mkono wako, si kwa maneno, na vaa kabla chombo hakijasukumwa. Uliza mafuta ya kurudi. Usitarajie kuona samaki chini ya maji. Kusi huchafua bahari na mto Ruvu humwaga udongo wake karibu. Nahodha akisema leo kusi kali, usimwongezee pesa. Nahodha wa pili utakayempata ni yule asiyejua.

Ukikanyaga maji ya magoti kwenye mchanga, kokota nyayo badala ya kuinua. Taa hulala amejifukia, akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Aliyechomwa aloweke mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto huvunja sumu hiyo, kisha aende hospitali hata maumivu yakipungua. Mwiba huacha vipande ndani.

Kaole iko kilomita 5 kusini. Wako wanaoshawishika kuifuata kwa ufuko maji yakipwa. Tunashauri barabara, kwa bodaboda, uende na kurudi. Ufuko huo una sehemu zisizo na watu, hapafai kupita peke yako wala na begi la kamera, na mwisho wake ni matope ya mikoko yenye chaza wakali kama vioo kwenye mizizi. Magofu yenyewe, misikiti miwili na makaburi, na msikiti wa zamani zaidi ukihesabiwa wa karne ya 13, yalikuwa pembeni ya bandari. Leo ukisimama kwenye makaburi yenye minara unatafuta bahari, unaona mikoko. Matope yalijaza, mikoko ikashika matope, bandari ikahama. Nenda saa 8 mchana, wakati mjini kusi limekuwa kero. Miti huko huvunja upepo.

Saa 11 rudi mjini. Kahawa chungu ya vikombe vidogo na kashata utaipata kwenye mabaraza, supu ya pweza na mihogo karibu na stendi jua likizama. Magari ya kwenda stendi ya Makumbusho, Dar, hupungua baada ya magharibi, na yale ya mwisho hujaa upesi, kwa hiyo shika kiti kwanza, supu uimalizie kwenye kikombe cha kubeba. Kaa upande wa kulia ukiwa umefunga dirisha: hadi Mapinga kwa vyovyote utaipata hewa ya kusi kupitia la jirani.